Ukaguzi wa ubora wa wasambazaji

Ukaguzi wa ubora wa wasambazaji ni kazi ya kuchunguza kwa utaratibu namna kampuni inayouza malighafi, vipuri au vifungashio inavyofanya kazi, ili mnunuzi ajue kama kampuni hiyo inaweza kumpatia vitu vyenye ubora uleule kila mara. Msambazaji huitwa pia mgavi au mzabuni. Mnunuzi kwa kawaida ni kiwanda kinachotumia vitu hivyo kutengeneza bidhaa zake.

Ukaguzi huu ni tofauti na upimaji wa mzigo. Upimaji huangalia vitu ambavyo tayari vimefika getini: vina uzito gani, vimevunjika au la, vina unyevu kiasi gani. Ukaguzi huenda mpaka kwenye chanzo, yaani kwa msambazaji mwenyewe, na kuangalia mashine, mafunzo ya wafanyakazi, usafi, vipimo, kumbukumbu na jinsi makosa yanavyoshughulikiwa yanapotokea. Lengo lake la mwisho si kumkamata mtu, bali ni kuzuia kosa lisifike kwa mlaji.

Umuhimu

Ni viwanda vichache vinavyotengeneza kila kitu vyenyewe. Kiwanda cha soda hununua sukari, chupa, vizibo, lebo na gesi. Kiwanda cha magari hukusanya maelfu ya vipuri kutoka kwa mamia ya kampuni. Kiwanda cha dawa hununua kemikali zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa kabla ya kufika ghalani kwake. Hivyo ubora wa bidhaa hauwezi kuzidi ubora wa vitu vilivyotumika kuitengeneza, na kosa la msambazaji mmoja linaweza kuingia katika bidhaa za viwanda vingi kwa wakati mmoja.

Kwa nini upimaji wa mzigo hautoshi

Mtu anaweza kuuliza: kama mzigo unapimwa unapofika, ukaguzi wa nini? Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, upimaji hufanywa kwa sampuli, na sampuli huweza kukosa kibovu. Tuseme kiwanda kimepokea toleo la vizibo 10,000, na katika kila vizibo 100 kimoja ni kibovu. Mpimaji akichukua vizibo 20 bila kuchagua, uwezekano wa kutokuta hata kimoja kibovu ni 0.99 kwa kipeo cha 20, yaani takriban 0.82. Maana yake ni kwamba katika kila matoleo 10 ya namna hiyo, karibu 8 yatapita bila kugunduliwa, ingawa kila moja lina vizibo vibovu vipatavyo 100.

Pili, vitu vingine haviwezi kupimwa bila kuharibiwa. Njiti ya kiberiti ikishawashwa ili kuijaribu, haiuziki tena. Ndivyo ilivyo kwa mifuko ya hewa ya magari, fyuzi na baruti. Kwa vitu kama hivyo njia pekee ya kuwa na uhakika ni kujua vilivyotengenezwa.

Tatu, kipimo hujibu swali lililoulizwa tu. Mwaka 2008 nchini China ilibainika kwamba maziwa yaliyoongezwa maji yalikuwa yametiwa kemikali iitwayo melamini. Kipimo kilichozoeleka cha protini hupima nitrojeni, na melamini ina nitrojeni nyingi. Kwa hiyo maziwa hafifu yalionekana kuwa na protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 walithibitishwa kufariki. Mchanganyiko huo ulifanyika kabla maziwa hayajafika kiwandani, mahali ambapo mpimaji wa maabara hakuwapo.

Historia

Elimu ya kudhibiti ubora kwa takwimu ilianza kukua Marekani katika miaka ya 1920. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni za simu za kundi la Bell, alibuni chati ya udhibiti, inayoonyesha kama mashine inafanya kazi kwa kawaida yake au imeanza kupotoka. Wenzake Harold Dodge na Harry Romig walitengeneza majedwali ya kuonyesha sampuli ngapi zichukuliwe katika toleo la ukubwa fulani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi yalinunua silaha na vifaa kutoka viwanda vingi mno, na majedwali ya sampuli yalienea. Hata hivyo ilionekana kwamba kupima mzigo peke yake ni kuchelewa. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilitoa kanuni iliyojulikana kama MIL-Q-9858, iliyomtaka msambazaji awe na mpango kamili wa ubora katika kiwanda chake. Uingereza ilitoa kiwango cha BS 5750 mwaka 1979, na mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa viwango vya kwanza vya familia ya ISO 9000. Kiwango cha ISO 9001, kilichorekebishwa mwaka 2015, kinaitaka kampuni ichague, ifuatilie na kutathmini upya wasambazaji wake. Kiwango cha ISO 19011 kinatoa mwongozo wa namna ya kufanya ukaguzi wenyewe.

Nchini Japani mkondo ulikuwa tofauti kidogo. Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, alitoa mihadhara kwa wahandisi na wakuu wa viwanda huko. Miongoni mwa mafundisho yake ni kwamba kiwanda kisitegemee upimaji wa mwisho ili kupata ubora, na kisinunue kwa kuangalia bei peke yake, bali kijenge uhusiano wa muda mrefu na wasambazaji wachache wanaoaminika. Kampuni ya Toyota iliendeleza mwelekeo huo kwa kutuma wataalamu wake kwa wasambazaji, si kukagua tu bali kufundisha.

Aina za ukaguzi

Kwa kuangalia nani anakagua, kuna aina tatu:

- Ukaguzi wa upande wa kwanza: kampuni inajikagua yenyewe.
- Ukaguzi wa upande wa pili: mnunuzi anamkagua msambazaji wake. Hii ndiyo maana hasa ya ukaguzi wa wasambazaji.
- Ukaguzi wa upande wa tatu: taasisi isiyo mnunuzi wala muuzaji inakagua na kutoa cheti.

Kwa kuangalia kinachokaguliwa, kuna aina tatu pia. Ukaguzi wa mfumo huangalia taratibu zote za kampuni. Ukaguzi wa mchakato hufuata kazi moja hatua kwa hatua, kwa mfano ukaushaji, uchanganyaji au ulehemu. Ukaguzi wa bidhaa huchukua bidhaa iliyokamilika na kuilinganisha na kila sharti lililomo katika mkataba.

Hatua za ukaguzi

1. Kupanga kwa kuzingatia hatari. Wasambazaji wote hawakaguliwi kwa uzito mmoja. Anayeuza kemikali ya dawa au breki za gari hukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko anayeuza karatasi za ofisini. Swali la kuuliza ni hili: kitu hiki kikiwa kibovu, nani ataumia?

2. Kusoma kumbukumbu. Kabla ya safari wakaguzi husoma mkataba, malalamiko yaliyopita, matokeo ya vipimo na ripoti ya ukaguzi uliotangulia.

3. Kikao cha kufungua. Wakaguzi hujitambulisha na kueleza watakachokagua, muda na utaratibu.

4. Kutembelea sehemu za kazi. Hiki ndicho kiini cha ukaguzi. Mkaguzi mzuri hufuata njia ya mzigo tangu unapopokelewa mpaka unapotoka, au hurudi nyuma kutoka bidhaa iliyokamilika mpaka malighafi. Huuliza mfanyakazi aliye kwenye mashine, si meneja peke yake. Huangalia kama mizani imehakikiwa na kama vitu vilivyokataliwa vimetengwa na vilivyo vizuri.

5. Kutafuta ushahidi. Neno la mdomo huthibitishwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huthibitishwa kwa kuona. Fomu ya mwezi mzima iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huku wafanyakazi wakiwa wa zamu tatu, ni dalili ya kutiliwa shaka.

6. Kikao cha kufunga na ripoti. Hoja za ukaguzi hutajwa wazi na hupangwa kwa uzito: kubwa, ambazo zinaweza kufikisha bidhaa mbovu kwa mteja, na ndogo. Kila hoja huonyesha sharti, ushahidi uliopatikana na tofauti kati yake.

7. Ufuatiliaji. Msambazaji hueleza chanzo cha kila hoja, atakachofanya, nani atahusika na kwa tarehe gani. Hoja haifungwi kwa ahadi. Hufungwa kwa ushahidi kwamba marekebisho yamefanyika na yanafanya kazi.

Kuboresha ubora wa msambazaji

Ukaguzi usiofuatwa na uboreshaji ni sawa na kumpima mgonjwa homa bila kumtibu. Njia zifuatazo hutumika zaidi.

Kipimo cha pamoja. Viwanda vingi huhesabu idadi ya vitu vibovu katika kila vitu milioni moja. Msambazaji aliyeleta vizibo 50,000, na 150 kati yake vikawa vibovu, ana vibovu 3,000 kwa milioni. Takwimu hiyo ikichorwa kila mwezi, pande zote mbili zinaona kama hali inapanda au inashuka, na mabishano hupungua.

Kutafuta kiini cha tatizo. Njia maarufu, iliyoenezwa na Toyota, ni kuuliza “kwa nini?” mara tano au zaidi. Tuchukue kinu cha unga kinachopokea mahindi mabichi. Kwa nini mahindi yana unyevu? Kwa sababu mkulima ameyauza kabla hayajakauka. Kwa nini hakuyakausha? Kwa sababu mchuuzi humlipa bei ileile kwa makavu na mabichi. Kwa nini mchuuzi hatofautishi bei? Kwa sababu kinu nacho humlipa mchuuzi kwa uzito, na mahindi mabichi ni mazito zaidi. Kwa nini kinu kinalipa hivyo? Kwa sababu hakina kipima unyevu getini. Hapo inaonekana kwamba kiini cha tatizo kiko kwa mnunuzi mwenyewe. Kumfokea mkulima hakutasaidia kitu. Kipima unyevu na bei inayotofautisha ubora vitasaidia.

Mafunzo na misaada ya kitaalamu. Mnunuzi mkubwa anaweza kutuma mhandisi kwa msambazaji mdogo, kumkopesha vifaa au kumpatia mkataba wa muda mrefu ili aweze kununua mashine bora. Faida ya uhusiano wa namna hiyo ilionekana tarehe 1 Februari 1997, kiwanda cha kampuni ya Aisin mjini Kariya, Japani, kilipoungua. Kiwanda hicho kilitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota, na akiba iliyokuwapo ilikuwa ndogo sana. Uundaji wa magari ulisimama, lakini wasambazaji wengine wengi walianza kutengeneza vali hizo katika karakana zao, na kazi ikarudi baada ya siku chache badala ya wiki nyingi.

Gharama halisi badala ya bei. Mzigo wa bei nafuu unaweza kuwa ghali ukihesabu vitu vilivyotupwa, mashine zilizosimama, kazi iliyorudiwa na wateja waliopotea. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Kisa cha Peanut Corporation of America

Kampuni ya Peanut Corporation of America ilikaanga karanga na kuuza siagi na uji mzito wa karanga kwa viwanda vya biskuti, peremende na vyakula vingine nchini Marekani. Kati ya mwisho wa mwaka 2008 na mwanzo wa mwaka 2009, karanga zake zilibainika kuwa na bakteria wa salmonela. Watu zaidi ya 700 katika majimbo 46 waliugua na 9 walifariki. Kwa kuwa karanga hizo zilikuwa zimeingia katika bidhaa za kampuni nyingi, bidhaa zaidi ya 3,000 za aina mbalimbali ziliondolewa sokoni.

Jambo linalofanya kisa hiki kifundishwe ni kwamba kiwanda cha kampuni hiyo mjini Blakely, jimbo la Georgia, kilikuwa kimekaguliwa mwaka 2008 na kupewa daraja la juu kabisa. Mkaguzi alilipwa na kampuni iliyokaguliwa, na siku ya ukaguzi ilijulikana mapema. Kampuni ya Kellogg, iliyotumia karanga hizo katika biskuti, ilikuwa imeitegemea ripoti ya namna hiyo bila kwenda kuangalia yenyewe.

Kampuni ya Nestlé ilifanya tofauti. Ilituma wakaguzi wake kwenye viwanda vya kampuni hiyo, Blakely mwaka 2002 na Plainview, jimbo la Texas, mwaka 2006. Mara zote mbili ilikataa kununua. Huko Plainview wakaguzi walikuta mizoga ya panya. Karanga ni zilezile na msambazaji ni yuleyule. Kilichotofautiana ni nani aliyekwenda kukagua na kwa faida ya nani.

Uchunguzi wa serikali ulionyesha pia kwamba kampuni ilikuwa ikituma mizigo yenye vyeti vya maabara vya uongo. Kampuni ilifilisika Februari 2009. Mkuu wake, Stewart Parnell, alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 28. Sheria ya usalama wa chakula iliyosainiwa Marekani Januari 2011 iliwalazimisha waagizaji wa vyakula kuthibitisha usalama wa wasambazaji wao wa nje. Sharti hilo linawagusa pia wauzaji wa Afrika Mashariki wanaopeleka korosho, viungo na vyakula vingine katika nchi hiyo.

Visa vingine

Mwaka 2006 nchini Panama dawa ya kikohozi ilitengenezwa kwa kutumia mapipa yaliyoandikwa kuwa na gliserini safi. Ndani mlikuwa na dietileni glikoli, sumu inayotumika viwandani, ambayo kama gliserini ni nzito, haina rangi na ni tamu. Mapipa yalitoka China yakapitia kwa wafanyabiashara wa kati hadi Hispania na Panama. Njiani vyeti na majina ya mtengenezaji wa awali vilibadilishwa, na hakuna aliyepima kilichomo. Watu zaidi ya 100 walifariki. Maafa yanayofanana na hayo yalirudi mwaka 2022, dawa za maji za watoto zilipohusishwa na vifo zaidi ya 300, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5, katika Gambia, Indonesia na Uzbekistan. Shirika la Afya Duniani liliwataka watengenezaji wanunue malighafi kwa wasambazaji waliothibitishwa tu na wapime kila mzigo kabla ya kuutumia.

Kampuni ya Takata ya Japani iliuza mifuko ya hewa kwa kampuni nyingi za magari. Kemikali iliyotumika kuijaza hewa iliharibika polepole kwa joto na unyevu, na baadhi ya vyombo vyake vililipuka na kurusha vipande vya chuma. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani Marekani kwamba iliwapa wanunuzi taarifa za uongo za majaribio, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwaka huohuo ikafilisika.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki taasisi zinazosimamia viwango ni pamoja na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), lililoanza kazi mwaka 1974, na lile la Uganda (UNBS), lililoanza kazi mwaka 1989. Alama zao kwenye bidhaa huonyesha kwamba bidhaa imepimwa kulingana na viwango. Hata hivyo alama hiyo haiondoi wajibu wa kiwanda kuwajua wasambazaji wake.

Mfano unaojulikana zaidi ni mahindi na sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotolewa na aina za kuvu zinazoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye ikauruhusu kwa masharti, yakiwemo kusajiliwa kwa waagizaji na kila mzigo kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango.

Sumukuvu ni ngumu kuikamata kwa sampuli, kwa kuwa punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi wakati zinazozizunguka ni salama. Bambo linalochomwa kwenye gunia moja linaweza kukosa kabisa punje hizo. Tena sumu ikishaingia haiondoki kwa kupika ugali. Ndiyo sababu kinga kubwa iko kwa msambazaji: kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizooza, kuhifadhi mahali pakavu na kuandika kila gunia limetoka wapi. Hapo kinu kinachonunua kwa vikundi vya wakulima kinavyovijua kina nafasi nzuri zaidi kuliko kile kinachopokea mahindi yaliyochanganywa na wachuuzi kadhaa njiani.

Mipaka ya ukaguzi

Ukaguzi huona siku moja au mbili tu katika mwaka. Msambazaji aliyepewa taarifa mapema anaweza kusafisha, kuficha na kuandaa majibu. Mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa huwa na sababu ya kutomuudhi. Orodha ya maswali ikiwa ndefu mno, mkaguzi hushughulika na karatasi na kusahau kuangalia mashine. Viwanda vidogo navyo hulalamika kwamba kila mnunuzi huja na orodha yake, na gharama za vyeti huwaangukia wao.

Kwa sababu hizo wataalamu hushauri ukaguzi uchanganywe na mambo mengine: ziara za ghafla zilizokubaliwa katika mkataba, vipimo vya maabara isiyo na upande, kulinganisha takwimu za mzigo na ripoti, kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi na wateja, na kumlinda mfanyakazi anayetoa taarifa ya kosa. Cheti kilichotundikwa ukutani huonyesha hali ilivyokuwa siku kilipotolewa. Hali ya leo hujulikana kwa kwenda kuona.

Tazama pia

- Udhibiti wa ubora
- Mnyororo wa ugavi
- Shirika la Kimataifa la Viwango
- Shirika la Viwango Tanzania
- Sumukuvu